Mama Yako Alisinzia Juu ya Baiskeli ya Mti

Kibeta, Bukoba

Ishengoma, ndugu yangu wa mukago,

Mwalimu wetu wa darasa la pili alitufundisha kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yako uliye mbali. Nimekaa hapa kwenye benchi yako ya useremala nikijaribu kuianza hivyo, kalamu imekataa. Mimi ni mzima, hilo ni kweli. Lakini wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwandikia bila wasiwasi wowote. Kifua hakikuumi tena, mvua haikulowanishi, na mwenye kukusanya kodi akija hapa atarudi na daftari lake chini ya kwapa. Wasiwasi wote umetuachia sisi.

Nakuandikia kwa sababu nimeona jambo kwa macho yangu mawili, na mtu wa kumwambia ni wewe. Wengine nikiwaambia wanasema, Kaijage ameanza tena habari zake za Burma. Hata mkeo, Ma Paulina, aliyeona mwisho wake, hakuona mwanzo wala katikati.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yako amefika kutoka Kimwani. Amekalia nyasi za msiba wako. Na amekuja juu ya kile kitanda chako chenye magurudumu, ile baiskeli ya mti niliyoicheka mbele ya watu tangu siku ulipoitoa kwenye kibanda hiki ikinuka maranda. Nitaendelea kuicheka, usidhani kufa kumekupa ushindi wa bure. Lakini leo nataka kusema neno zuri juu yake, kwa hiyo sikiliza vizuri, sitalirudia.

Nianze ulipotuachia.

Tulikuzika kwenye kibanja chako, nyuma ya migomba ile mirefu, ndani ya lubugo jipya, nguo yetu ya gome la mti, na jeneza ulilokuwa umemtengenezea mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa amepona, akasema, mpeni fundi, mimi nitasubiri. Ungecheka. Tukatandaza nyasi nyumba nzima, tukakaa chini, tukalala chini, hata mimi niliyewahi kukalia kiti cha meja kule Rangoon (alikuwa ametoka kidogo). Mwinjilisti akaomba vizuri sana. Aliposema umeacha ndugu, akanitazama, ingawa miaka yote amehubiri kwamba mukago ni mambo ya giza. Nikamtazama na mimi. Siku ile wewe na mimi tulipogawana tunda moja la buni, kila mtu akameza punje yenye damu ya mwenzake, tuliapa nini? Mama yako ni mama yangu. Basi. Sasa ningefanyaje?

Habari tulimpelekea mama kwa mchuuzi wa samaki anayekwenda upande ule. Akarudi na jibu. Mama amesema hapana.

Hakusema hawezi kuja. Alisema hapana, hujafa. "Mwanangu akikohoa Kibeta mimi husikia Kimwani. Sijasikia kitu." Na jioni ileile, mchuuzi akiwa bado pale, akapakua fungu lako la ndizi, akalifunga kwenye jani, akaliweka kando ya mafiga. Unajua amefanya hivyo tangu ulipoondoka kwake kwenda kujifunza useremala. Kila jioni fungu la Ishengoma, kila asubuhi limepoa, anapewa mbuzi au mpita njia. Miaka yote hiyo ulikuwa unawalisha mbuzi wa Kimwani bila kujua.

Kisha akamwambia mchuuzi: nitaamini nikikalia nyasi zake. Zikiwa zimeshafagiliwa, msiniite. Nitaendelea kuweka fungu.

Ta Bagenda, baba yako mdogo, unamjua. Mtu wa haki, lakini ukimwomba dakika moja anakupa mithali. Nikamwambia, waitu, mzee wetu, nyasi zingoje. Akasema nyumba inayokaa muda mrefu kwenye nyasi huita msiba mwingine. Jumamosi, jua likishageuka, zinatoka. Nikabisha. Nikataja vyeo vyangu vyote vya jeshi, na viwili nilivyojiongezea. Akasema, "Kaijage, nyasi hazimsubiri hata Kingi."

Sasa weka hesabu hiyo kichwani. Daraja la magogo kusini ya Muleba lilikuwa limechukuliwa na maji, na malori yote yamekaa Muleba kama ng'ombe wasio na mchungaji. Mama hawezi kutembea. Tangu alipoanguka akikata ndizi, nyonga yake haimruhusu kufika hata kisimani. Mtu mmoja akasema tupeleke machela na vijana wanne. Kumbe mama alikuwa ameshalijibu hilo kabla halijaulizwa, kwa mdomo wa yule mchuuzi: "Machela ni ya mgonjwa na ya maiti, na mimi si hata mmoja."

Ikabaki baiskeli. Baiskeli inapita palipobaki gogo moja, na pasipo na gogo inaingia mtumbwini. Lakini ipi?

Hapo, ndugu yangu, ule ubishi wetu wa kila Jumapili ukageuka jambo la kweli. Unakumbuka tulivyobishana kwenye kibanda hiki mpaka Ma Paulina anatumwagia maji? Mimi na chuma changu, kile cheusi cha Kiingereza ninachobebea kahawa ya watu kutoka vijijini. Wewe ulikiita Reli, ukasema kinahitaji stesheni. Nikakujibu kwamba Reli inabeba magunia mawili na mimi juu, na mimi si mwembamba. Kisha yule karani wa kahawa akaja na baiskeli yake nyeupe kutoka Kampala, fremu ya aluminiamu, madini yaleyale ya sufuria. Ukainyanyua kwa kidole kimoja. Nilikuona siku ile. Ulinyamaza, wewe, mtu uliyeongea hata ukiwa na misumari mdomoni. Ukaizungusha, ukaipiga kwa ukucha, ukaisikiliza kama daktari. Halafu ukasema neno ambalo tulilicheka mwaka mzima: "Chuma huinama, sufuria hupasuka, mti husema."

Karani akauliza, husema nini? Ukamwambia, husema kabla.

Nikasema huyu ameshaanza kulewa.

Basi nikazipima zote tatu. Nilimwomba karani ile nyeupe, akanipa bila neno, maana ulimtengenezea kitanda kisicholia. Ya kwako aliitoa Ma Paulina mwenyewe, akaipangusa kwa kanga yake. Nikafikiri, nitapimaje maumivu ya nyonga ya mama mzee? Ningemweka mke wangu nyuma, angenipiga. Nikachukua kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Si unajua rubisi changa ilivyo, haipendi kutikiswa. Nikakijaza, nikakiziba kwa jani, nikakifunga kwenye karia, nikashuka kutoka hapa Kibeta mpaka karibu na ziwa na kurudi, kwenye mawe yaleyale.

Reli kwanza. Fremu yake haikujali kitu. Ningeweza kupita juu ya kanisa. Lakini kila jiwe lililogonga gurudumu lilipanda kwenye bomba la chuma, likaingia kwenye kiti, likanigonga mimi, likaendelea nyuma. Sijafika nusu ya njia, kibuyu kimetema jani na povu limenimwagikia mgongoni. Nikapita mbele ya mwinjilisti nikinuka sherehe, na msibani kwetu bado kuna nyasi. Akafunga macho. Nadhani aliniombea.

Sufuria ikafuata. Ishengoma, ile ni ndege. Kwenye mpando sikushuka, mimi mwenye tumbo hili. Kibuyu kilitoa povu kidogo tu, kama mtoto anayecheua maziwa. Nikasema imekwisha, mama atakuja na hii. Nikashuka, nikajifanya wewe. Nikaipiga kwa ukucha, nikapitisha kidole shingoni, pale bomba la juu linapokutana na la usukani. Nikahisi kitu kama unywele. Nikapangusa, haukutoka. Ulikuwa ufa. Haikuwa imelia, haikuwa imepinda, ilikuwa inang'aa vilevile. Chuma kikichoka unakiona, kinajikunja, unakipeleka kwa mhunzi, anakipasha moto, anakilehemu, maisha yanaendelea. Hii nani atailehemu? Mhunzi wetu akiipasha moto itageuka mchuzi. Nikairudisha kwa karani, nikamwonyesha. Akasimama pale amekishika kile kichwa chake cha usomi, akasema, "Jana nilimbeba mtoto wangu kwa hii." Nikamwambia, mshukuru seremala. Ukucha ule ni wa kwake.

Halafu yako.

Sijawahi kukuambia, lakini mara ya kwanza nilipoiona nilidhani umetengeneza mtego wa nguruwe. Mti wa mushambya, mnene kama mkono wangu, umefungwa ngozi mbichi ya ng'ombe kila kiungo. Uliniambia umeupasua kila mti katikati, ukauchimba ndani ukawa mtupu, ukaurudisha pamoja. Nikakuambia, kwa hiyo ni ngoma. Ukasema ndiyo, na wewe ni mtu wa kupigwa. Ukiinyanyua ni nyepesi kuliko Reli, nzito kuliko sufuria. Nikafunga kibuyu. Nikashuka.

Yale mawe yalikwenda wapi? Nauliza kwa dhati. Niliyaona, gurudumu liliyagonga, nikajikaza kuyapokea, hayakufika. Kitu fulani ndani ya ule mti kiliyapokea kwa niaba yangu. Nilifika chini, nikageuka kutazama nyuma, kibuyu kimetulia kama Mlutheri siku ya Jumapili. Jani halijasogea. Nikasimama pale karibu na maji nikiwa mtu mzima, mtu wa Mombasa, mtu wa Colombo, niliyeona meli inayomeza treni, na mdomo wangu uko wazi mbele ya kipande cha mushambya cha kibanja chako.

Kilichonitia shaka kilikuwa nguvu zake. Wewe uliipanda peke yako na misumeno yako. Mimi na mama, mabonde yote yale, mvua ile. Chuma najua mwisho wake. Mti sijui. Nikamwambia Ma Paulina labda nichukue Reli, nimtandikie mama godoro. Akanitazama na yale macho yake mekundu ya kilio, akasema, "Shemeji, godoro utalipanda wewe. Mama atapanda kazi ya mwanawe." Kisha akaongeza, "Ta Bagenda nitamshikilia mimi." Sikumuuliza atamshikiliaje.

Nikaondoka Jumatano. Nikapita Kemondo, nikapanda Muhutwe nikikokota, nikalala Muleba kwa binamu yangu. Huyo alicheka baiskeli yako mpaka akakaa chini. Nikamwacha acheke, ana haki, nami nilianza kabla yake. Kesho yake nikavuka pale daraja lilipokuwa. Mwenye mtumbwi alikuwa amekataa baiskeli za chuma tangu asubuhi, zinamtobolea. Yako aliigonga kwa kasia, ikajibu kwa sauti nzito, akasema, hii ni ndugu ya mtumbwi, pandisha.

Mama alikuwa amekaa mlangoni Kimwani akimenya ndizi. Hakusimama, hawezi. Alinitazama, akatazama baiskeli, akatazama tena baiskeli kwa muda mrefu kuliko mimi. Akasema, "Kaijage, umenenepa." Nikasema, mama, ni chakula cha jeshi. Akasema jeshi liliisha zamani. Hakuuliza habari zako. Na mimi, mdomo huu wote, nikamsaidia kumenya. Tukala. Akapakua fungu lako, akalifunga. Nikalitazama lile jani likifuka moshi pale kando.

Ijumaa alfajiri akajifunga nguo mbili, akashika fungu jingine alilokuwa amelipika upya, akaniambia nimpandishe. Nilikuwa nimetandika majani ya migomba na blanketi kwenye karia. Akakaa upande, akanishika mkanda, akasema, "Twende nikamwone huyu anayejificha."

Mvua ilitukuta mtumbwini. Si mvua ya kujificha, ile ya kuomba Mungu. Mimi nilijua jambo moja ambalo sikumwambia: ngozi mbichi ikikauka hukaza kama taya la mamba, lakini ikilowa sana hulegea. Tulifika Muleba tumelowa kama senene waliozama, tukalala, nikaiweka baiskeli karibu na moto ikauke. Haikukauka vya kutosha. Asubuhi ya Jumamosi tumeondoka, jua liko upande wetu, nyasi ziko upande wa Ta Bagenda, na kabla hatujafika mlima wa Muhutwe nikasikia kitu chini yangu.

Krii.

Nikajifanya sikusikia. Krii, krii. Kwenye kila jiwe. Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua mtu ana jasho. Nikamwambia mama, ni kiti tu. Na yeye nyuma yangu akasema, "Acha liseme. Tangu lini mwanangu akatengeneza kitu kinachonyamaza?"

Hapo neno lako likanirudia. Husema kabla. Nikashika breki.

Nilimshusha mama chini ya migomba ya mtu, kando ya barabara, nikainama kwenye kiungo cha chini ya kiti. Ngozi imelegea, inacheza kama soksi ya mzee. Nikaitoa. Nilitegemea kuona mti umeachana, nikawa nimeshajiandaa kumbeba mama mgongoni mpaka Kibeta au mpaka nife. Badala yake, chini ya ngozi, kulikuwa na kamba. Kamba nyembamba ya mgomba, iliyosokotwa ikawa kama uzi wa kiatu, imepakwa nta mpaka imekuwa nyeusi, imeuzunguka mti mzingo kwa mzingo bila nafasi ya kupenya kucha. Ile ngozi ilikuwa koti tu. Kilichoshika ni kamba, na pale chini ilikuwa imekatika mizingo michache tu. Mingine yote imekaza.

Mama akasema, nipe nione. Nikaisogeza baiskeli karibu yake. Akapitisha kidole gumba juu ya kamba, akafika kwenye fundo, akasimama hapo. Akasogea, akafika kwenye fundo la pili. La tatu. Kila kiungo, kuanzia kwenye uma wa mbele mpaka kwenye gurudumu la nyuma, akinifanya nilegeze ngozi na kuigeuza baiskeli.

"Hili ni fundo langu," akasema.

Akanieleza. Wanawake wengine wakifunga shingo ya kibuyu huzungusha na kumalizia juu. Yeye huzungusha, anarudisha mkia chini ya mizingo, anauficha, na kadiri unavyovuta ndivyo linavyokaza. Alilibuni mwenyewe akiwa msichana kwa sababu vibuyu vya baba yake vilikuwa vinamwagika njiani. Hakumfundisha mtu. Alikuwa na mtoto mmoja, akamfundisha huyo, ukiwa mdogo, umekaa kati ya miguu yake.

Hukuwahi kuniambia. Ulinifanya nicheke ngozi ya ng'ombe miaka yote ile, na chini yake mko wewe na mama yako.

Hapo ndipo alipolia. Watu wanadhani alilia kwenye nyasi. Hapana. Alilia hapo, barabarani, ameshika fremu ya baiskeli kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mabega ya mwanawe. "Mtu hafungi hivi," akasema, "ikiwa anatarajia kurudi kulifungua."  

Akanituma nichune nyuzi kwenye mgomba wa mwenyewe. Akasokota huku machozi yanadondoka kwenye kamba, vidole havikusita hata kidogo. Nikafunga mimi, kwa kuwa nina nguvu. Akaangalia, akasema, "Hili ni fundo la askari. Litafunguka Muhutwe. Rudia." Nikarudia. Akasema rudia. La tatu akalikubali nusu, akaurudisha mkia mwenyewe.

Kisha Muhutwe. Wewe ulikuwa unawaambia watu kwamba Kaijage aliyepigana na Wajapani anashuka Muhutwe kwa miguu akishikilia usukani kama anamwongoza ng'ombe. Ni kweli, sikatai, mteremko ule una mawe yenye nia mbaya. Nikasimama juu, nikamwambia mama, hapa twende taratibu, nitakukokota. Akasema, "Panda. Mwanangu hakutengeneza toroli."

Nikapanda.

Ishengoma, sijui niandikeje sehemu hii. Darasa langu la nne halifiki hapo. Tulishuka. Upepo, mawe, matope, migomba inapita pande zote mbili kama watu wanaokimbia kutupokea, na fremu yako chini yetu ikawa inaimba. Si ile krii tena. Sauti ya chini, nene, ya mti mtupu wenye pumzi ndani. Niliisikia kwenye mifupa ya mapaja. Nilikuwa naogopa, na chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, kama siku ile nilipoona bahari mara ya kwanza nikavua kofia bila kujua ninamvulia nani. Nikamwuliza mama kwa kelele, nyonga vipi? Hakujibu. Nikauliza tena. Nikahisi uzito kwenye mgongo wangu. Kichwa chake. Mama yako alikuwa amesinzia.

Amesinzia, Muhutwe, kwenye mteremko! Mwanamke ambaye hawezi kufika kisimani. Nikashuka mlima mzima nimekaza mgongo nisimwamshe, nikilia kama mtoto na upepo unanifuta.

Chuma changu bado kina nguvu kuliko mti wako. Nitasema hivyo mbele ya yeyote. Gunia ni la chuma. Lakini mama si gunia.

Tulifika jua limeshageuka. Nilijua tumechelewa, nikaona rundo la nyasi nje, limetolewa. Nikamshusha mama, nikamwingiza ndani nimemshika. Nyumba imefagiliwa mpaka ukutani. Ta Bagenda amesimama katikati ameshika fagio, amekasirika mpaka ndevu. Na kwenye kona, juu ya nyasi za mwisho zinazobaki, amekaa Ma Paulina, amekunja miguu, ameishikilia nguzo. Walikuwa wamefagia kumzunguka. Tangu asubuhi alikuwa hajanyanyuka hata kunywa maji. Mzee akasema kwa uchovu, "Huyu mwanamke ni wa kwenu, mchukueni." Ma Paulina akamwona mama, akasogea, akampa nusu ya nyasi.

Mama akakaa. Hakulia. Alizipapasa nyasi zilizomzunguka kama anatafuta kitu kilichodondoka. Hata Ta Bagenda akaweka fagio chini, akakaa sakafuni. Ndipo mama akafungua nguo yake, akatoa lile fungu, jani limechakaa kwa mvua, ndizi zimepoa kama jiwe. Fungu lako. Akalifungua juu ya magoti. Akalitazama. Halafu akanisogezea mimi.

"Kula wewe," akasema.

Nikala. Lote, hata lililoshika kwenye jani. Watu walisubiri niseme kitu, unawajua, wamezoea, mimi nikalikunja jani. 

Hizo ndizo habari. Sasa naaga, maana mwanga unapungua hapa kibandani na mke wako anataka kufunga.

Hakuna posta ya huko uliko, kwa hiyo barua hii nitaisokota, niipenyeze kwenye lile tundu uliloacha chini ya kiti, ikae ndani ya mti. Ahadi yangu ni hii. Ngozi nitaipaka mafuta kila mvua zikikaribia. Fundo nitajifunza mpaka mama akubali, tayari amenirudisha mara nyingi na kuniita mkono wa chuma. Barabara ikikauka nitamrudisha Kimwani, na kila msimu wa senene nitamleta akutembelee, juu ya hiyohiyo. Ule mlima una mteremko upande wa pili pia. Ukisikia nimeushuka kwa miguu, ujue ni kwa heshima ya mama, si woga. Uwaambie hivyo wenzako wa huko.

Lala, ndugu yangu. Mama ananiita. Amepakua, na kuna fungu limefungwa kwenye jani kando ya mafiga. Naenda kulila sasa hivi, bado linafuka moshi. Halitalala tena.

Ndugu yako wa buni,
Kaijage